Jina Letu, Ulimi Si Wetu: Mwaka 2023 katika Katuni



Tumo katika Mfunguo Tisa wa mwaka 1445, na mwaka wa miladi 2023 unakaribia kufunga. Magazeti makubwa yana desturi ya kuuhesabu mwaka kwa siasa, kwa kandanda na kwa bei ya unga. Safu hii inataka kuuhesabu kwa kitu ambacho kimo majumbani mwetu kila siku lakini ni nadra tukakitia maanani, nacho ni katuni. Nilisita kidogo, kwani tangu mwezi wa Oktoba runinga hizi hizi zinatuonyesha watoto wa Gaza, na mazungumzo ya katuni yanaweza kuonekana ni upuuzi. Lakini aghalabu ni taarifa hizo zinazotufanya tuinyakue rimoti upesi, tuwahamishie wadogo kwenye chaneli yao, kisha turudi jikoni. Huko tunakowahamishia ndiko ninakotaka tukutazame leo.

Kwa Waafrika, jambo kubwa la mwaka lilitokea tarehe 5 Julai. Siku hiyo shirika la Disney lilitoa mkusanyiko wa filamu fupi 10 za katuni zilizobuniwa na kuongozwa na wasanii wa Misri, Kenya, Nigeria, Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe. Studio iliyosimamia kazi ni Triggerfish ya Cape Town, na miongoni mwa wasimamizi wakuu ni Peter Ramsey, Mmarekani mweusi aliyepata tuzo ya Oscar kwa filamu ya Spider-Man: Into the Spider-Verse. Na jina walilolipa mkusanyiko huo ni Kizazi Moto.

Ni Kiswahili, kama unavyoona. Mswahili akilisikia jina hilo hutaka kuuliza kile kiungo cha «cha» kimekwenda wapi, kwani asili yake ni «kizazi cha moto». Tuwasamehe, maana hata sisi twasema maji moto na hakuna anayetushitaki. Mojawapo ya filamu hizo 10 inaitwa Hatima, neno ambalo wazee wetu walilipokea kwa Waarabu na likawa letu kabisa. Ni hadithi ya uhasama baina ya watu wa baharini na watu wa nchi kavu. Mtu wa Ngomeni au Takaungu angetarajia hadithi ya namna hiyo itoke kwake, lakini walioitunga ni Waafrika Kusini, Terence Maluleke na Isaac Mogajane. Hongera zao, wala sina ugomvi nao.

Sasa ukitaka kumwonyesha mwanao Kizazi Moto hapa Malindi, kwa njia ya halali, utafanyaje? Huna njia. Filamu hizo zimo katika huduma ya Disney+, ambayo hutazamwa kwa intaneti na hulipiwa kila mwezi. Huduma hiyo ilifunguliwa Afrika Kusini mwezi wa Mei 2022, na mwezi uliofuata ikafunguliwa Misri na nchi nyingine za kaskazini mwa Afrika. Kenya haimo. Tanzania haimo wala Uganda haimo. Lugha imealikwa karamuni, na wenye lugha wamebaki nje ya ua. Na hata wangeingia, wangekuta kwamba kilicho cha Kiswahili ni kile kibao cha mlangoni, kwani mazungumzo ya ndani kwa sehemu kubwa ni ya Kiingereza.

Jambo hili si geni. Mwaka 1994 filamu ya The Lion King ilichukua kwetu majina ya Simba, Rafiki, Sarabi na yule nguruwe mwitu Pumbaa, ambaye jina lake ni tusi dogo kwa kila anayejua Kiswahili. Ikachukua pia maneno «hakuna matata», ambayo miaka 12 kabla yake yalikuwa yamekwisha enezwa na wanamuziki wa Them Mushrooms, vijana wa Mombasa waliokuwa wakiwaimbia watalii mahotelini. Mswahili wa kawaida ukimpa habari ya faraja atakujibu hapana taabu, au alhamdulillah, lakini dunia nzima sasa inaamini kwamba tunaamka na «hakuna matata» na kulala nayo. Mwaka 2003 Disney ikayaandikisha maneno hayo kuwa alama yake ya biashara kwa fulana, na mwaka 2018 watu wengi walitia saini kupinga. Kisha mwaka 2021, Machi 8, ikaja katuni ya Super Sema, ambayo Lupita Nyong'o alikuwa mmoja wa wasimamizi wake na pia mtia sauti. Sema ni msichana mwerevu anayeishi katika kijiji kinachoitwa Dunia, na kampuni iliyoitengeneza inaitwa Kukua. Sema, Dunia, Kukua: majina matatu mazuri, na msichana mwenyewe anazungumza Kiingereza.

Ndiyo maana nasema, kwa miaka karibu 30 sasa Kiswahili kimekuwa kikikopeshwa kama kanga ya kuendea harusini. Huvaliwa na kusifiwa, kisha shughuli ikaendelea kwa lugha ya mwingine.

Katika mwezi ule ule wa Julai, tarehe 20, Netflix nayo ilitoa Supa Team 4, katuni yake ya kwanza ya mfululizo iliyobuniwa Afrika. Wasichana wanne wa shule katika jiji la Lusaka wanasajiliwa na bibi mmoja, jasusi mstaafu aitwaye Mama K, ili waulinde mji wao. Aliyeibuni ni mwanamke wa Zambia, Malenga Mulendema, ambaye jina lake la kwanza kwa lugha yetu lamaanisha mshairi bingwa. Nimeipenda kwa kuwa mabinti zetu wanaona nywele kama zao na mitaa yenye vumbi kama yao. Lakini nayo ni ya kulipia, na lugha yake kuu ni ile ile.

Kwingineko duniani nitapita haraka. Mwezi wa Aprili ilitoka filamu ya The Super Mario Bros. Movie, na mapato yake yakapita dola bilioni 1.3, jambo linaloonyesha kwamba mchezo wa kompyuta unaweza kuzaa pesa hata pasipokuwa na hadithi ya maana. Juni ikaja Spider-Man: Across the Spider-Verse, ambayo kwa ustadi wa uchoraji haikuwa na mpinzani. Mjapani Hayao Miyazaki, mzee wa miaka 82, tarehe 14 Julai alitoa The Boy and the Heron bila ya tangazo lolote ila bango moja lenye picha ya ndege, na watu wakajaa majumba ya sinema. Kazi zake huchorwa kwa mkono kwa sehemu kubwa, na mwenye subira ya kuzitazama haoni matusi wala makelele. Kuanzia Mei 2 hadi Septemba 27 waandishi wa filamu wa Marekani waligoma, na miongoni mwa waliyoyapigania ni kwamba kompyuta isije ikawanyang'anya kalamu. Mwezi wa Septemba wale mbwa waokoaji wa PAW Patrol walirudi na filamu mpya, na nadhani hakuna mama asiyewajua. Disney yenyewe ilitimiza miaka 100 tarehe 16 Oktoba, ikasherehekea kwa filamu ya Wish mwezi uliofuata.

Nirudi nyumbani. Usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti, wasomaji watakumbuka kwamba umeme ulikatika nchi nzima, ikikaribia saa nne. Watoto walikuwa likizo, na kwetu walikuwapo watano mbele ya runinga. Kilio cha kwanza kilipotulia, nyanya yao, mzaliwa wa Mambrui mwenye hadithi zisizokwisha, alijiegemeza kwenye mto gizani akatamka, «Paukwa!»

Kimya.

Akarudia. Mkubwa wao, mwenye miaka 10, akamwuliza kwa adabu, lakini kwa Kiingereza, neno hilo lina maana gani. Nyanya hakukasirika. Aliwafunza kuitikia «Pakawa», akaanza kisa cha sungura na kisima cha wanyama, na wakacheka sana. Ila ilimlazimu kusimama kila mara. Hawakujua kata ni kitu gani, hawakujua kitale, na dau walidhani ni aina ya mnyama. Magari yote ya mbwa waokoaji wanayajua kwa majina na kwa rangi.

Hapo ndipo nilipoiona hasara ilipo. Nyanya huyu hana Kiingereza. Mjukuu anamwelewa kwa nusu, na kila mwaka nusu hiyo inapungua. Akifika gredi ya saba watazungumza nini, zaidi ya salamu na kuulizana kama amekula? Na nyanya ndiye aliyebeba yote: nasaba, namna ya kumwamkia mkubwa, sababu ya kutompita mtu aliye katika sala, kwa nini hatuli mbele ya mgeni bila ya kumkaribisha. Mambo haya hayakuwahi kufundishwa darasani. Yalipita katika mazungumzo ya jioni, na chombo cha mazungumzo hayo kilikuwa lugha.

Sisemi kwamba katuni ndizo zilizoiua lugha ya nyumbani. Shule zina fungu lao, na sisi wazazi tuna fungu kubwa zaidi, tunaojivunia mbele ya wageni kwamba mtoto «hajui Kiswahili vizuri». Lakini katuni ndiyo sauti ambayo mtoto wa miaka mitatu huisikia kwa saa nyingi kuliko sauti ya babake. Huchukua maneno yake na huchukua pia mwenendo wake. Katika nyingi ya katuni hizi mtoto humjibu mzazi kwa kejeli na watazamaji hutarajiwa wacheke, na baba huwa ni mjinga wa kuchekwa. Walioziandika hawakutukusudia ubaya, waliandika desturi za kwao. Ajabu ni sisi kuyapa malezi ya kwao nafasi ya mbele sebuleni kisha tukashangaa mtoto anapotukunjia uso.

Wako wanaoona dawa ni kupiga marufuku. Mwezi wa Juni 2017 Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya ilizikataza katuni sita, zikiwemo The Loud House, Adventure Time na Steven Universe, kwa kuona kwamba zinapenyeza mambo yaliyo kinyume cha maadili. Sikupinga. Serikali ina wajibu wake, na mzazi hana uwezo wa kuonja kila chungu kabla ya mwanawe. Lakini ukiondoa sahani mezani bila ya kuweka nyingine, mtoto mwenye njaa atakwenda kula kwa jirani. Filamu isiyoingia kwa mlango huingia kwa dirisha, katika flashi na katika simu za kaka zao. Tena chombo hiki cha pili hakina bodi.

Nitoe mfano mmoja kutoka Kizazi Moto hiyo hiyo. Filamu ya mwisho katika mkusanyiko, Enkai, ni kazi ya Mkenya Ng'endo Mukii. Imechukua jina la Mungu katika lugha ya Kimaasai, na ndani yake mna muumba wa kike na binti yake. Kwa uchoraji ni kazi ya mikono ya fundi. Kwa itikadi si yetu, na hapana haja ya kuzungukazunguka. Mtoto akiiona kwa njia yoyote ile na kuja kuuliza, «Mama, kwani Mungu ana mtoto?», usimpige wala usimwambie anyamaze. Jibu amekwisha lihifadhi chuoni tangu akiwa na miaka minne, katika Suratul Ikhlas. Mwambie aisome, kisha mweleze maana yake aya kwa aya. Kwa dakika tano atakuwa amejifunza tawhidi kwa namna ambayo hataisahau. Lakini ili jambo hilo litokee, ni lazima uwe karibu naye, na awe na lugha ya kukuulizia.

Kuhusu picha zenyewe, najua kwamba wako wanaouliza kama kuchora viumbe kunafaa hata kwa watoto. Wanazuoni wamekhitalifiana, na safu hii haitoi fatwa, waulizeni mashekhe. Nitakumbusha tu kwamba wengi walioruhusu kwa ajili ya malezi hutegemea habari iliyothibiti kwamba Bibi Aisha (r.a.) alikuwa na wanasesere wake akiwachezea, na Mtume (s.a.w.) hakumkataza.

Waislamu wenzetu wa mbali wameichukua ruhusa hiyo wakaifanyia kazi, na hapa nataka tukae kidogo. Mwaka 2007, kwa ajili ya Ramadhani, kampuni moja ndogo ya Malaysia iitwayo Les' Copaque ilitengeneza vipande vichache vya dakika chache chache kuhusu pacha wawili yatima, Upin na Ipin. Wanaishi na dada yao mkubwa na nyanya yao katika kijiji cha nyumba za mbao na miti ya matunda. Vipande vya kwanza vilihusu funga: mtoto anayejifunza kufunga kwa mara ya kwanza, anayehesabu saa hadi magharibi, anayetamani kila anachokiona. Ni nani kati yetu hakuyapitia hayo? Ukikitazama kijiji chao, na minazi yake na mlio wa adhana, ungedhani ni Mambrui kabla ya lami. Na watoto wale hawakuzungumza Kiingereza. Walizungumza Kimalei cha kijijini. Watu wakaipenda, ikavuka bahari hadi Indonesia, ikazaa filamu ndefu, na leo, baada ya miaka 16, bado inatengenezwa. Haikuuza ugeni. Iliuza kijiji chao kama kilivyo, na nyanya wao akiwa katikati ya nyumba.

Kabla yao kidogo, Ramadhani ya mwaka 2006, kijana wa Dubai Mohammed Saeed Harib alitoa Freej, na mashujaa wake ni vikongwe wanne. Um Saeed, Um Saloom, Um Allawi na Um Khammas wanaishi katika mtaa wa kale uliozungukwa na majumba marefu mapya, wamevaa barakoa zao, wanakunywa kahawa na kuushangaa mji uliowakimbia. Wanazungumza Kiarabu cha wazee wa Imarati, kile ambacho vijana wa huko walikuwa wameanza kukisahau. Huenda baadhi ya dada zetu waliofanya kazi za nyumbani Ghuba waliwahi kuwaona katika runinga za waajiri wao baada ya futari. Mimi husema, akina Um Khammas tunao Shella na Barani, wengine ni wakali zaidi, na hakuna aliyewachora.

Imarati ile ile ilijaribu pia kazi kubwa, Bilal, filamu ndefu kuhusu Sayyidna Bilal bin Rabah (r.a.) iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Dubai mwaka 2015. Wapo wasioridhia Masahaba kuchorwa, na rai yao ina uzito. Kwangu mimi upungufu wake mwingine ni kwamba ilitaka mno kufanana na filamu za Marekani, na ikatengenezwa kwa Kiingereza. Vikongwe wanne wa Freej waliingia nyumbani kwa wepesi zaidi.

Na kwetu Afrika Mashariki? Kwa bahati nzuri si jangwa tupu. Mwaka 2013 iliasisiwa Dar es Salaam taasisi isiyo ya faida iitwayo Ubongo, na Januari 2014 kipindi chake cha Ubongo Kids kikaanza kuonyeshwa na TBC. Kinafundisha hesabu na sayansi kwa visa na nyimbo, kwa Kiswahili sanifu chenye ladha ya Bara, na huyo Ngedere wake ni mtundu anayewachekesha watoto bila ya kumtukana mtu. Baadaye walitoa Akili and Me kwa wale wadogo kabisa. Akili ni msichana wa miaka minne anayeishi chini ya mlima Kilimanjaro, na akilala huingia katika nchi ya ndoto anakojifunza herufi, namba na namna ya kuzitaja hisia zake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Maryland waliwapima watoto wa Morogoro, wakaona kwamba waliokitazama kipindi hicho kwa majuma machache walisonga mbele kuliko wenzao katika kuhesabu, kutambua maumbo na kuchora. Jina, kama unavyoona, ni nusu Kiingereza. Hata hawa wetu wameshindwa kujizuia! Lakini safari hii ndani ya nyumba kuna Kiswahili, na hilo ndilo linalonifurahisha.

Tena hakihitaji kulipia kila mwezi. Hapa Kenya, mwezi wa Machi 2020, wakati ule ule shule zilipofungwa kwa ajili ya korona, ilifunguliwa chaneli ya watoto iitwayo Akili Kids!, ya bure, na vipindi vya Ubongo vimekuwa vikionyeshwa humo. Mwenye king'amuzi cha kawaida na antena ajaribu kuitafuta. Vipindi vingine katika chaneli hiyo ni vya Kiingereza, kwa hivyo usiwashe tu ukaondoka. Ubongo wana chaneli zao za Kiswahili pia katika YouTube, na mwenye bando anaweza kumchagulia mtoto vipande vitatu, vikaisha, simu ikarudi kwa mwenyewe. Zima ile sehemu inayoleta kipande kingine chenyewe bila ya kuombwa, kwani hiyo ndiyo inayowapeleka watoto mahali ambapo hatukuwatuma.

Lakini Dar si Malindi. Nani atamchora mtoto wa Kilifi akivuka na mashua, au akingoja kuonekana kwa mwezi juu ya gati? Watu hudhani kazi hii ni ya matajiri wa Ng'ambo tu. Ni kweli ni kazi ya taabu. Filamu hupita picha 24 katika kila sekunde moja. Mchoraji akijinyima na kuchora nusu yake, bado dakika moja yamtaka michoro 720, na hadithi ya dakika 10 yamtaka michoro 7,200. Ndiyo sababu watu hukopa kazi zilizokwisha tengenezwa. Kompyuta, hata hivyo, imepunguza mzigo, na programu ya Blender, ambayo hutumiwa na mafundi wa dunia nzima, haiuzwi, hutolewa bure. Kampala wameonyesha kwamba inawezekana. Raymond Malinga na wenzake wa Creatures walitoa mwaka 2017 filamu fupi ya mtoto anayedai kwamba zimwi limekula kazi yake ya shule, A Kalabanda Ate My Homework. Miaka sita baadaye ndiye huyo aliyetengeneza Herderboy katika Kizazi Moto. Kampala haina bahari wala haina utajiri wa kutushinda sana.

Na kabla ya kuchora kuna kazi nyepesi zaidi, nayo ni kutia sauti. Katuni iliyokwisha chorwa huweza kusemeshwa Kiswahili kwa chumba kimoja kilichotulia, kinasa sauti kizuri, na watu wenye ulimi safi, kwa makubaliano na wenyewe. Ulimi safi tunao. Ukiwasikia wasichana wetu wakisoma kasida katika Maulidi utajua kwamba tatizo letu si sauti. Kijana anayechora pembezoni mwa daftari la shule, ambaye leo tunamwambia anapoteza wakati, huenda ameshika riziki ya halali mkononi na hakuna aliyemwambia.

Shule zafunguliwa mwezi wa Januari, kwa hivyo zimebaki jioni chache. Nina ombi kwa kila nyumba. Mketishe nyanya, au shangazi, au yeyote katika ukoo mwenye hadithi, baada ya sala ya isha, runinga ikiwa imezimwa kwa hiari. Mmoja wa vijana aandike anachokisikia kama kilivyosemwa, bila ya kukitengeneza, pamoja na maneno yote ambayo wadogo hawakuyaelewa na maana zake. Karatasi hizo ziletwe kwa mwalimu wa madrasa yenu kabla ya Rajab kuandama, naye atazifikisha kwetu. Zilizo fupi tutazichapisha hapa moja kila juma, inshaallah, na wenye vipaji vya kuchora tutawaachia nafasi upande wa kulia wa ukurasa. Kisa cha sungura na kisima, cha yule nyanya wa Mambrui, ndicho kitakachotangulia.